Kaptura Iliyosimama Yenyewe

Ukitaka kumtambua mzee aliyekuwa skauti, usimwulize, mtazame magoti. Sisi tulivaa kaptura kiangazi na masika, na magoti yetu yalionja kila mwiba na kila changarawe kati ya Likoni na Mtwapa. Yangu yana kovu la seng'enge, kovu la chaza, na doa jeusi ambalo asili yake nimeisahau, ila wajukuu wakiniuliza huwaambia ni ukucha wa chui. Jimiminie chai, basi. Habari yenyewe haina njia iliyonyooka, na mimi nikianza kuzungumzia skauti husahau hata dawa zangu.

Skauti waliingia Kenya mwaka 1910, miaka mitatu tu baada ya mwanzilishi wao, Baden-Powell, kuwapeleka wavulana wake wa kwanza kambini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Mimi niliingia baada ya uhuru, wakati bendera mpya bado ina rangi kali ya dukani. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa wameahidi kumtumikia Mungu na Malkia. Sisi tukaahidi kwa Mungu na nchi yetu, na kwa hilo tulijiona tumewazidi kimo. Mwaka 1964 Kenya ikapokewa katika shirika la skauti duniani kwa jina lake yenyewe. Sisi watoto hatukuelewa shirika ni kitu gani. Tulichoelewa ni kwamba jambo hili lina sare.

Na sare haikuwa ya kununua. Ilikuwa ya kuhangaikia. Mama alikwenda Biashara Street kwenye duka la Mhindi, akapapasa majora ya kaki mpaka muuzaji akachoka kutabasamu, akapimiwa yadi zake, kitambaa kikapelekwa kwa fundi aliyeketi barazani na cherehani yake ya Singer. Fundi alinizungushia utepe kiunoni, akaandika namba kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, kisha akamtazama mama juu ya miwani. "Ya sasa au ya kukulia?" Aliuliza kwa mazoea tu, maana hakuna mama wa Mombasa aliyewahi kumshonea mwanawe kaptura ya sasa. Nikapata ya kukulia. Mshipi uliikusanya kiunoni marinda juu ya marinda, na tulipopiga kwata upepo uliingia mguu mmoja ukatokea wa pili.

Kazi yenyewe ilikuwa usiku wa kuamkia gwaride. Wanga wa muhogo ulikuwa umeshapikwa ukawa uji mwepesi unaong'aa, nguo ikachovywa, ikakamuliwa, ikaanikwa mpaka ikawa nusu kavu. Sasa pasi ya makaa inapepewa mlangoni, cheche zinaruka, majirani wanapita wakiuliza kesho kuna nini. Pasi ikiiva, uso wake unapanguswa juu ya jani la mgomba ili iteleze. Mama anachovya vidole kwenye bakuli la maji, ananyunyiza, anashusha pasi: chwaaa! Mvuke unapanda na harufu ya muhogo, ya moshi na ya jani bichi lililoungua, na mpaka leo nikipita palipochomwa majani ya mgomba najikuta nimenyoosha mgongo. Alipomaliza aliiweka kaptura sakafuni, ikasimama yenyewe. Sitii chumvi. Ilisimama kwa miguu yake miwili, haina mtu ndani, na mdogo wangu akaipigia saluti.

Kuivaa ndiko kulikuwa na mashaka. Ilibidi kuipasua kwa mguu, kitambaa kikilalamika kwaa, kwaa, na ukishaivaa hukai. Kwenye basi nilisimama hata viti vikiwa vitupu, na wazee walinisifu kwa adabu. Juu ya kaptura, shati lenye mifuko miwili. Shingoni skafu, imekunjwa kwa ustadi, imepita katika kipete cha ngozi tulichokisuka wenyewe. Soksi ndefu zilishikwa chini ya goti kwa utepe wa kijani, na bizimu ya mshipi ilisuguliwa kwa Brasso mpaka vidole vikawa vyeusi. Viatu vilipakwa Kiwi, vikatemewa mate, vikasuguliwa tena. Nimevaa suti maishani mwangu, nimevaa kanzu za melimeli siku za Idi, lakini sijawahi kuvalishwa na watu wengi kiasi kile: kaki ya Mhindi, mkono wa fundi, wanga wa mama, kipete nilichofundishwa na jirani mshona viatu. Nilipotoka mlangoni, mtaa mzima ulikuwa umenivaa.

Kofia ni hadithi nyingine. Zile pama pana za skauti zilikuwa chache katika kundi letu, zote za kurithi, na zilivaliwa na viongozi wa patroli tu. Ukingo wake ulikuwa umelegea kwa jasho la vichwa vilivyotangulia. Kiongozi wetu wa patroli ya Tai akasikia kwamba maji ya sukari hukausha ukingo ukawa mgumu na bapa. Alisikia sawasawa, dawa hiyo inafanya kazi. Akaipaka usiku, akaibana kwa matofali, na asubuhi kofia ilikuwa mpya. Jambo asiloambiwa ni kwamba Mombasa ina sisimizi. Tukiwa kwenye ukaguzi, tumesimama wima, nikauona msafara mwembamba ukishuka kutoka kwenye utepe wa kofia, ukavuka nyusi, ukapinda kwenye pua kwa nidhamu iliyotushinda sisi. Kijana hakutikisika. Machozi yalimtoka, jasho likamtoka, lakini mikono ilibaki pale pale kwenye mishono ya kaptura. Skautimasta akasimama mbele yake, akamtazama kwa muda.

"Vijiko vingapi?"

"Sita, bwana."

"Na chai ya nyumbani?"

"Leo wamekunywa bila, bwana."

Siku hiyo patroli ya Tai ilipewa alama zote za usafi, na ndugu zangu wa patroli ya Simba hawajatusamehe.

Bibi yangu aliikubali kaptura, akaikubali kofia, lakini siku alipotuona tunavyosalimiana alishika kichwa. Skauti hupeana mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Pwani mkono huo una kazi yake, na kazi hiyo haitajwi mbele ya chakula. Nikapigwa marufuku kwenda gwaride. Ikabidi skautimasta aje mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akaletewa kahawa na haluwa, akaeleza. Akasema Baden-Powell alipokuwa nchi ya Waashanti miaka ya 1890, machifu walimweleza kwamba kule shujaa humsalimu shujaa kwa kushoto, maana ndio mkono wa ngao, na kuutoa ni kuiweka ngao chini kwa kumwamini mwenzio. Kisa hicho husimuliwa kwa namna nyingi, na kila skautimasta ana chake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza, "Na huyo Mzungu, alikula kwa mkono gani?" Skautimasta akanywa kahawa. Mwafaka uliofikiwa ni kwamba shuleni nitakuwa skauti na nyumbani nitakuwa mtoto wa watu, na kila niliporudi kutoka gwaride bibi aliniwahi mlangoni, akanishika ule wa kulia kwanza.

Mjomba naye alikuwa na yake. Alikuwa baharia wa jahazi, na msimu ukiruhusu ungemkuta Bandari ya Kale akinuka samaki mkavu na lami. Sisi tulikuwa tukijifunza mafundo kwa kutazama picha za kitabu: kamba hii ipite juu, hii irudi chini, sungura atoke shimoni, auzunguke mti, arudi shimoni. Nilihangaika na sungura huyo siku nyingi, na siku aliporudi shimoni nikakimbia kumwonyesha mjomba. Akanitazama, akachukua kamba, akaipeleka mgongoni, na huku akibishana na mwenzake juu ya bei ya papa akafunga lile lile bila kuliangalia, akanirudishia. "Na hili mnapewa beji?" Nikasema ndiyo, mjomba. Akajitazama kifua kitupu na kikoi kilichofifia, akasema, "Basi mimi naidai serikali nguo, hizi hazitoshi beji zangu." Kutoka siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake wa siri, na mtahini aliponiuliza nimejifunzia wapi nilisema, kwa unyofu wote, kazini.

Wasomaji vijana pengine hawajui kwamba skauti alidaiwa tendo moja jema kila siku. Ili asisahau, alifunga fundo dogo kwenye ncha ya skafu asubuhi, na hakuruhusiwa kulifungua mpaka amemfaa mtu. Jambo zuri, ila nani aliwaambia kina mama wa mtaani? Walikuwa wakikaa vibarazani wakichambua mchele, na macho yao yalikuwa kwenye ncha za skafu zetu. Fundo lipo? "Njoo mwanangu, nipelekee ndoo hii." Umelifungua? Basi wanakupa pole, wanakupa kashata, na kukuuliza kesho utapita saa ngapi. Mwezi wa Ramadhani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kila mtu alitaka thawabu, na jioni kabla ya adhana ya magharibi ungeona wavulana wa kaki wanazunguka mitaa kwa wasiwasi wakiwania mzee mmoja mwenye kikapu. Mwenzetu mmoja alilala na fundo lake, na asubuhi akafunga la pili juu yake, deni juu ya deni.

Kulikuwa pia na wiki ya kufanya kazi kwa shilingi, desturi waliyoianza Waingereza kwao mwaka 1949. Tulibisha hodi milango ya watu, tukaosha magari, tukafyeka nyasi, tukapaka chokaa mawe ya bustani, kila kazi shilingi, na mwenye nyumba anatia saini kwenye kadi. Nyumba za Wazungu kule Nyali zilikuwa na mbwa na malipo mazuri. Nyumba za kwetu zilikuwa na maswali: mama yako anajua unafyeka kwa watu? Mzee mmoja wa Kibokoni alinipa shilingi ili nisifanye kazi yoyote, nikae tu nimsomee gazeti. Kwenye kadi aliandika "kusoma" na akatia saini kwa Kiarabu, na kamishna wa skauti hakuwa na la kusema.

Lakini tuje kwenye siku ya kutunukiwa beji, maana ndiyo uliyojia.

Ilifanyika uwanjani, chini ya mwarobaini. Sisi tulijipanga nusu duara, mlingoti kwenye uwazi, na viti vya kuazima upande wa kivuli kwa wageni. Kina mama walikaa pamoja, mabuibui meusi na leso za rangi zikichungulia ndani yake, na harufu ya udi ilitufikia tulikosimama. Bendera haikupandishwa ikiwa wazi. Ilikunjwa, ikaviringwa, ikafungwa kwa kitanzi chepesi, ikapelekwa juu ikiwa kifurushi, kisha kamba ikavutwa kwa nguvu na bendera ikafunguka ghafla. Asubuhi ya siku hiyo mmoja wetu aliiba asumini za dada yake na kuzikunja ndani. Kamba ilipovutwa, maua yakatumwagikia vichwani, na kina mama, ambao hakuna aliyewapa ratiba, wakapasua vigelegele. Kamishna wa skauti alikuwa ameinua mkono kupiga saluti. Vigelegele havikuisha. Na mkono wake, maskini, haukujua ushuke lini.

Ukiitwa jina unatoka mbio, unasimama hatua tatu mbele ya kamishna, unapiga saluti ya vidole vitatu. Anakupa beji kwa mkono wake wa kulia, anakupa mkono wa kushoto, halafu unapiga saluti tena. Hesabu mwenyewe: beji, mkono, saluti, na mtoto ana mikono miwili tu, tena inatetemeka. Wengi waliichomeka beji mfukoni. Mmoja, wa umri mdogo kuliko sote, aliitia mdomoni ili apate mkono wa saluti, akasimama imara na duara la kitambaa likining'inia kwenye midomo. Hakucheka mtu. Kicheko kilikuja kwa wakati wake, tulipofika nyuma ya darasa la nne.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya upishi, na hapo nieleze mtihani wake. Baden-Powell aliandika kwamba skauti awashe moto wa kuni nje kwa vijiti vya kiberiti visivyozidi viwili. Sawa. Ila upepo wa kusi haukukisoma kitabu hicho. Tulitahiniwa ufukweni chini ya mivinje, mwezi wa Juni, mchanga unatupiga usoni. Kijiti cha kwanza kilizima kabla sijakiinamia. Cha pili nilikiwashia ndani ya kofia, nikakishusha kwenye makumbi yaliyokauka, nikajilaza kifudifudi nikapuliza mpaka nikaona nyota. Ukashika. Nikapika wali wa nazi na changu wa kupaka. Mtahini alikuwa mtu wa bara aliyeandaliwa kupima viazi vya kuchemsha. Alionja, akaweka kalamu chini, akala, akaomba ukoko. Mtaani walipoisikia beji hiyo walicheka mpaka wakakaa. "Mwanamume kapewa nishani ya jikoni!" Wiki nzima wake wa jirani waliniita nije niwaonjee mchuzi, na mmoja wao, naamini, hakuwa anatania.

Beji ilikuwa kitu kidogo, haifuniki hata kiganja cha mtoto, na usiku ule ilizunguka chumba kizima mkono kwa mkono kabla ya kufika kwenye sindano. Bibi aliinusa. Baba aliigeuza akatazama nyuzi za nyuma, kwa kuwa yeye aliamini ukweli wa kitu uko nyuma. Halafu mama akavuta taa karibu, akachagua uzi unaolingana na kaki, akaulainisha kwa nta, akaanza kushona ukingoni, mishono midogo sana iliyofuatana mpaka ikarudi ilikoanzia. Akaijaribu kwa ukucha kama itainuka. Haikuinuka. Kamishna alinipa kitambaa. Beji nilipewa na mama, saa tatu usiku, kwenye mkono wa kulia wa shati.

Safari kubwa ya maisha yetu ilikuwa ya Nyeri, mwezi wa Februari. Baden-Powell alizaliwa tarehe 22 Februari 1857, na mkewe Olave tarehe hiyohiyo mwaka 1889, kwa hiyo skauti na wasichana wa Girl Guides wana siku moja ya kuwaadhimisha wote wawili. Tulipanda treni ya usiku, daraja la tatu, tumebanana na magunia na kuku, tunakula mayai ya kuchemsha na machungwa na kuimba mpaka abiria wakatuhonga karanga tunyamaze. Nairobi tulilala kambi ya Rowallan, pembeni ya msitu wa Ngong Road. Kambi ile ina jina la Lord Rowallan, aliyekuwa mkuu wa skauti wa Uingereza na himaya yake kuanzia 1945 hadi 1959. Sisi tuliikumbuka kwa sababu ya baridi, mpaka tulipofika Nyeri na kugundua kwamba Rowallan kulikuwa na joto.

Watoto wa Mombasa, kaptura, Nyeri, alfajiri! Mdogo wetu aliona pumzi yake ikitoka mdomoni ikiwa moshi, akadhani anaungua ndani. Umande uliunyonya wanga wote, na kaptura zilizosimama zenyewe Mombasa zilituning'inia magotini. Wenzetu wa Nyeri walitutazama kwa huruma na kutupa uji. Kisha jua likatoka nyuma ya mawingu na mlima ukajitokeza, Kirinyaga wenyewe, na theluji yake, na kwa mara ya kwanza tangu Voi hakuna aliyekuwa na la kusema.

Tukapiga kwata hadi makaburi ya kanisa la St Peter's. Baden-Powell alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Alikuja kukaa huko 1938, katika kijumba kwenye bustani ya hoteli ya Outspan, ya Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa katibu wake. Alikiita Paxtu, kwa kuwa nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill na hii ilikuwa ya pili. Baadaye alikaa humo Jim Corbett, mwindaji wa chui wala watu wa India, na yeye pia kalazwa makaburi hayohayo. Olave alipofariki 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa pamoja na mumewe.

Kaburi lenyewe halina majigambo. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Sisi tulilifahamu kabla ya kusoma maandishi, maana tulikuwa tumelichora kwa kokoto mara nyingi katika mashamba ya minazi ya Nyali, tulipotegeana njia: mshale, pita huku, msalaba, siyo huku, duara na nukta, mchezo umekwisha, nimerudi nyumbani. Watoto wa huko walikuwa na tabia ya kuzihamisha kokoto zetu, na patroli nzima ya Chui iliwahi kufuata mishale mpaka kwenye zizi la mbuzi.

Mambo mengine kuhusu mzee huyo niliyasoma nikiwa mtu mzima. Ile pembe ya kudu aliyoipuliza kuwaamsha wavulana wa Brownsea ilitoka vita vya Wamatabele, ambako alikuwa afisa wa jeshi la himaya. Zile shanga mbili za mti alizovaa skautimasta wetu kwenye ukanda wa ngozi, alama ya mkufunzi aliyehitimu, asili yake ni mkufu alioupata Uzuluni mwaka 1888, unaohusishwa na Dinuzulu, mwana wa mfalme. Tulizitamani shanga hizo bila kujua zimetoka shingoni mwa nani. Ningejua ningeuliza, na nadhani ningeambiwa nikachote maji. Siku hizi nayabeba yote mawili: askari wa mkoloni aliyeivamia nchi ya watu, na mzee aliyetuachia mchezo ambao bibi, mjomba na kina mama wa vibarazani waliugeuza wakaufanya wao. La pili halifuti la kwanza. Wala sioni sababu ya kulitupa.

Leo mambo ni mengine, na simlaumu mtu. Watoto wanaitwa Sungura, halafu Chipukizi, halafu Mwamba, halafu Jasiri, majina mazuri kuliko yale ya mbwamwitu tuliyoletewa sisi. Wasichana wamo ndani, wanavaa skafu ileile, na jambo hilo lingefanyika mapema zaidi tungeshindwa mafundo yote na dada zangu. Shati ni la nyuzi zisizokunjamana. Linatoka mashineni, linaning'inizwa, limekwisha. Suruali ni ndefu, magoti yako salama. Beji nyingine zinabandikwa kwa pasi ya umeme, na fundi wa barazani amebaki na zipu za kurekebisha. Pale ufukweni tulipowasha moto kwa vijiti viwili pana ukuta, na mlinzi aliniuliza kwa upole kama nina chumba. Nikamwambia nilikuwa nacho, cha turubai. Sherehe za kutunukiwa zina mahema meupe, vipaza sauti na hotuba za wageni rasmi, mmoja baada ya mwingine, jua likipanda. Mwaka juzi nilialikwa. Watoto walikuwa safi, walipiga kwata vizuri, na vyeti vilikuwa vizuri sana. Mama mmoja kijana alitaka kupiga kigelegele, akatazama kushoto na kulia, akapiga picha.

Wale wa rika langu waliobaki tunakutana jioni kwa muuza kahawa, Mji wa Kale. Hatupeani mkono wa kushoto hadharani. Tuna umri wa kuheshimika. Kiongozi wa Tai bado yupo, ana kisukari, na asiyemtania kwa hilo ni mgeni. Aliyekuwa kiongozi wa Simba naye yupo, na kila jioni, kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, hurudia kwamba ule ukaguzi ulikuwa wa dhuluma, kwamba sisimizi ni uchafu kwa kanuni yoyote iliyoandikwa, na kwamba kikombe cha usafi cha mwaka ule ni chao. Juzi kaja na kitabu cha kanuni, cha zamani, kurasa zimeliwa na nondo, miwani puani, kidole kwenye mstari. Tumemtaka asome kwa sauti. Akasoma ukurasa mzima. Sisimizi hawakutajwa.

"Basi hawajakatazwa," akasema Tai, na akaagiza kahawa nyingine, kwa hesabu ya Simba.